Kidude cha setilaiti nilichokwenda nacho Chalbi: maoni yangu baada ya misimu miwili

Nimeulizwa sana na madereva wenzangu hapa Malindi kuhusu hiki kidude kinachoning'inia kwenye mkanda wa begi langu, wengine wanadhani ni redio ya askari, wengine ati ni kamera, kwa hivyo wacha niandike yote mara moja. Ni kifaa cha kutuma meseji kwa setilaiti. Si simu, huwezi kupiga ukaongea, unaandika meseji fupi na unapokea meseji fupi basi, ndani kina GPS, na ubavuni kina kitufe cha SOS chenye kifuniko chake. Kinaenea kiganjani na ni kama gramu 100 tu, hata embe dogo linakishinda uzito. Jina la kampuni silitaji kwa sababu huko mbele kuna mambo nitayalalamikia na sitaki maneno na mtu, lakini vya aina hii viko vya kampuni kadhaa na vyote kazi yao inakaribiana.

Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na nne huu. Kazi yangu kubwa ni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, na Marafa, na mara moja au mbili kwa mwaka napata wageni wanaotaka kwenda mbali kabisa, Marsabit, Chalbi, mpaka Loiyangalani kwenye ziwa Turkana. Hizo safari za kaskazini ndizo zilizonifanya nitafute hiki kitu. Kampuni niliyokuwa naifanyia zamani ilikuwa inatupeleka huko na simu mbili na dua. Nikawaambia jamani siku moja tutaleta maiti, nikaambiwa gharama. Basi nilipoanza kujitegemea nikajisemea hii nanunua hata kama ni kwa kudunduliza.

Nilikipata kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, kimetumika mwaka mmoja, shilingi 32,000. Kipya huko nje kilikuwa karibu dola 400, halafu uongeze usafiri na ushuru. Lakini bei ya kifaa si ndiyo inayouma, kinachouma ni bando la kila mwezi, na hapo ndipo watu wengi wanateleza, wananunua kifaa wakidhani wamemaliza. Bila bando ni jiwe. Unalipia kwa dola na kwa kadi, mimi natumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa, mara ya kwanza ilikataa mara mbili, ya tatu ikakubali.

Namna inavyofanya kazi nitasema kwa ufupi. Simu zetu zinategemea mlingoti wa mtandao, ukitoka kwenye mlingoti umekwisha. Hiki changu kinaongea na setilaiti za kampuni ya Iridium, ziko 66 zinazofanya kazi, zinazunguka dunia nzima kwenye urefu wa kama kilomita 780 juu, kwa hivyo popote unapoona mbingu kuna moja inapita. Neno lenyewe ni hilo, unapoona mbingu. Ndani ya gari lenye bati juu hakishiki vizuri, chini ya makuti hakishiki, chini ya mwembe mkubwa kinasuasua. Nilikijaribu kwanza Marafa, pale Nyari kwenye korongo, maana ni karibu na nyumbani. Juu ukingoni meseji iliondoka kwa dakika mbili. Nikashuka mpaka chini kabisa katikati ya zile kuta za udongo mwekundu na mweupe, nikakiweka juu ya jiwe, nikasubiri dakika kumi na saba kwa saa yangu mpaka kikalia. Kwa hivyo mkiwa bondeni msikishike mkononi mkizunguka nacho huku mmekiinamia, wekeni chini antena ikitazama juu, mtulie.

Sasa kwa nini nakiona ni cha lazima. Wageni wetu wengi hapa ni Wataliano mnajua, na kuna hadithi moja ambayo Mtaliano wa umri fulani akiona jangwa lazima akusimulie. Mimi nimeisikia kwenye barabara ya Sala zaidi ya mara tano, nikaifuatilia mwenyewe, ni ya kweli. Mwaka 1994, Mauro Prosperi, mwanamichezo wa Kitaliano, alikwenda Moroko kwenye mbio za jangwani za siku kadhaa, Marathon des Sables. Dhoruba ya mchanga ikamkuta njiani, badala ya kusimama akaendelea kukimbia, upepo ulipotulia njia haipo. Alikuwa na dira, alikuwa na ramani, alikuwa na fataki ya kuita msaada. Na helikopta ilikuja! Ikapita karibu, akarusha fataki yake, rubani hakuiona, ikaenda. Akaingia kwenye kuba la walii lililoachwa jangwani, humo akawa anakamata popo na kunywa damu yao. Baadaye ndege ikapita, akachoma vitu vyake ili moshi uonekane, mchanga ukapiga tena, nayo ikaenda. Alipotea siku karibu kumi, akavuka mpaka akatokea Algeria bila kujua, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mtoto wa kike anachunga mbuzi, akamkimbia kwa hofu, halafu mwanamke mmoja wa wale wahamaji akampa maziwa ya mbuzi. Kilo kama 15 za mwili zilikuwa zimekwenda.

Hiyo habari ya helikopta ndiyo iliyonikaa rohoni. Watu wako juu yako wanakutafuta wewe, wewe unawaona, wao hawakuoni. Mtu mmoja kwenye mchanga ni kama punje ya mtama kwenye jamvi. Kifaa hiki kinamaliza hilo moja, kinasema mtu yuko hapa, namba hizi na hizi, njooni hapa.

Na iko nyingine, ya huzuni zaidi, ya Marekani. Julai 1996 Wajerumani wanne, mwanamume, mwenzake wa kike na watoto wao wawili, kila mmoja na wake, walikodi gari dogo la familia wakaingia jangwa la Death Valley, na huko mwezi wa saba ni moto wa duniani. Hawakurudi. Gari lilionekana mwezi wa kumi kwenye korongo moja huko ndani, tairi tatu hazina upepo, wenyewe hawapo. Wametafutwa wee, hakuna kitu. Mpaka Novemba 2009, miaka 13 baadaye, ndipo watu wawili waliojitolea kutafuta walipokuta mifupa, mbali na gari, upande ambao hakuna aliyekuwa amefikiria kutafuta. Mimi nikiisoma hiyo sifikirii joto, nafikiria kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa anajua siku ile wamepita njia gani. Hakuna aliyekuwa anawasubiri jioni. Babu yangu alikuwa nahodha, Lamu, na hakuwahi kung'oa nanga bila kumwambia mtu wa nchi kavu anakwenda wapi na atarudi maji ya siku gani. Hakuwa na kifaa chochote huyo, alikuwa na mtu wa kumsubiri.

Ndiyo maana kitu ninachokipenda zaidi kwenye kidude hiki si SOS. Ni kile kitone. Ukiwasha ufuatiliaji, kila dakika kumi kinatuma mahali ulipo, na mtu uliyempa linki anaona kwenye ramani ya simu yake vitone vinasogea. Mke wangu yuko nyumbani Maweni na ananiona nikitoka Marsabit, nikipita Maikona, nikifika Kalacha. Jioni natuma meseji moja ambayo nimeshaiandika tayari, "Tumefika, wote salama", hiyo ya tayari haili bando kwenye mpango wangu. Yeye anajibu, na jibu lake siku zote ni moja, "Umekula?"

Sasa niwaeleze siku ambayo hiki kifaa kilikuwepo, kimejaa chaji, kinafanya kazi yake sawasawa, na mgeni wangu akapotea hivyo hivyo.

Ilikuwa Chalbi, mwezi wa pili mwaka jana. Mgeni mzee wa miaka 67, anakuja Malindi miaka na miaka, Kiswahili chake si kibaya, na kijana wa Kigabra tuliyemchukua Kalacha atuonyeshe njia. Chalbi kwa asiyeijua ni uwanda mweupe wa chumvi, umekauka kama sahani, hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna kitu cha kukwambia hiki kiko karibu na kile kiko mbali. Saa nne asubuhi tukapata pancha. Nimelala chini ya gari na jeki, jeki yenyewe inazama maana juu ni ganda gumu na chini yake tope, nikatoa kile kipande cha ubao nikakitia chini yake, mgeni akaniambia, "Bwana, naenda kupiga picha ngamia wale, si mbali." Nikatoa kichwa nikaangalia, kweli kulikuwa na ngamia wanne, lakini wanaelea, chini ya miguu yao maji yanameta. Nikamwambia mzee hayo ni mazigazi, usiende mbali. Akasema sawa. Nikarudi chini ya gari.

Nilipomaliza kukaza nati ya mwisho nikasimama, nikajipangusa mikono, nikageuka huku, nikageuka huku. Hakuna mtu. Hakuna na ngamia. Weupe mtupu pande zote na joto linacheza juu yake. Nikaita, sauti haiendi popote, ni kama unaitia kwenye pamba. Na kifaa changu kiko wapi? Kiko kwenye dashibodi, taa yake ya kijani inapepesa, kinamwambia mke wangu kila dakika kumi kwamba mimi niko salama kando ya gari. Aliyepotea ana kamera na nusu chupa ya maji.

Mimi nilikimbilia usukani, nataka kuzunguka nimtafute. Yule kijana akanishika mkono wa shati, akanizuia kabisa. "Mzee, ukizungusha gari utafuta nyayo." Akanionyesha chini. Pale mgeni alipokanyaga ganda limevunjika, na kingo za ule mvunjiko bado zina rangi ya kahawia, zina unyevu, hazijageuka nyeupe. "Hii ni ya sasa hivi. Ikikauka nitapata shida." Akavua shuka lake jekundu akalifunga juu kwenye keria, akaniambia fungua boneti, panda juu, piga honi, usitoke hapa hata iweje. Akachukua chupa mbili za maji akaondoka anaangalia chini tu, hata hakuinua kichwa kuangalia mbele, na baada ya muda na yeye akaanza kuelea, miguu ikapotea kwanza, halafu kiuno, halafu nikabaki peke yangu.

Dakika hamsini. Nilikiondoa kifuniko cha SOS nikakirudisha sijui mara ngapi. Nilikuwa nimejiwekea kwamba ikifika saa moja kamili nabonyeza. Kisha nikaona kitu cheusi kinagawanyika kinakuwa viwili, nikajua ni wao.

Mgeni alikuwa kama kilomita mbili hivi kutoka pale. Midomo imepauka na imepasuka, uso mwekundu, mkono hautaki kuachia kamera. Aliponiambia maneno yake nilitetemeka: alikuwa anarudi kwenye gari. Aliliona gari kwa macho yake mawili, jeusi, limesimama kwenye maji, akawa analifuata, na kila akilifuata linabaki pale pale. Kijana akasema ni kichaka kimoja kikavu, kimo hakifiki hata goti. Mzee wa watu alikuwa anatembea kwenda upande usio na mtu, na roho yake imetulia kabisa kwa sababu anaona gari.

Kumbe na nyumbani mke wangu alikuwa ameshaona kitone hakisogei kwa muda wa karibu saa mbili, akaniandikia "Mbona mmesimama?" na mimi sikusikia mlio kwa sababu ya honi. Lakini hakupagawa, tulikuwa tumeshakubaliana kwamba nisipojibu mpaka saa kumi na mbili jioni anampigia shemeji, na shemeji ana namba zote. Hilo lilikuwa limepangwa barazani kabla sijaondoka, kwenye karatasi, na naamini kwa roho yangu yote kwamba ile karatasi ni nusu ya kifaa.

Kwa hivyo sheria yangu sasa hivi ni kwamba kifaa hakikai kwenye gari. Anayetoka garini ndiye anayekivaa kifuani, hata kama anakwenda haja, na mgeni akikataa haendi. Mimi nabaki na gari, gari linaonekana, lina maji, lina kivuli. Na kila mgeni namvalisha filimbi shingoni, filimbi ni bei ya soda mbili.

Sasa malalamiko. La kwanza, joto. Nilikiacha siku moja kwenye dashibodi mchana kutwa, kikazima chenyewe, kikakataa kuwaka mpaka nikakifunga kwenye kitambaa kibichi kivulini. Mnisikilize, kitu kinachouzwa ni cha jangwani halafu jua linakizima, hilo sikulipenda, ingawa wanasema usikiache kwenye gari lililofungwa na mimi nilikiacha. La pili, kuandika kwa vitufe vyake herufi moja moja ni mateso, lazima ukiunganishe na simu kwa bluetooth, kwa hivyo simu nayo iwe na chaji, kwa hivyo unahitaji pawabanki. Kiswahili hakimo kwenye menyu, lakini meseji unaandika lugha yoyote.

La tatu ni zito zaidi na wengi hawalijui. Ukibonyeza SOS, changu hakiendi Marsabit wala Nairobi, kinaenda kituo cha Marekani, wao ndio wanaoanza kutafuta nani wa kumwambia huku Kenya, na wanawapigia simu wale watu wa dharura uliowaandikisha. Wanapiga kwa Kiingereza. Nilikuwa nimemwandika mama yangu. Hebu fikirieni mama yangu saa nane usiku anapigiwa na mtu wa Marekani. Nikabadilisha haraka, nikaweka shemeji ambaye ni mwalimu na simu yake haizimwi. Na SOS si ndege. Kuitwa kunaitwa, lakini anayelipia ndege ni wewe au bima, kwa hivyo mgeni wa kaskazini simchukui bila bima ya kusafirishwa kwa ndege, na wale Flying Doctors wa AMREF wana kadi ya uanachama ya muda mfupi kwa watalii, bei yake hata chakula cha jioni cha hoteli kinaizidi, mwambieni mgeni akate kabla hamjaondoka.

Mgeni mmoja alinibishia kwamba simu yake mpya ina SOS ya setilaiti yenyewe, hahitaji changu. Tukakaa tukaangalia orodha ya nchi pamoja, Italia imo, Kenya haikuwemo. Angalieni na nyinyi kabla ya kumwamini mgeni.

Wavuvi wameniuliza kama kinafaa baharini. Kinafaa, baharini hakuna paa, kinashika kuliko hata nchi kavu, na changu kimelowa mvua mara nyingi hakijaguna. Ila bando kwa mvuvi mmoja ni zito. Mashua tano zikichanga, kikakaa na ile inayokwenda mbali zaidi siku hiyo, hapo naona inawezekana, na wakati wa kusi ningependa sana mlifikirie.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya lile joto na kwa sababu ya bei ya bando. Masika yakiingia mwezi wa nne hoteli zinafunga na mimi nasimamisha laini, mpango wangu unaruhusu, Julai naiwasha tena. Anayetaka kukijaribu kabla hajanunua aje tu, kipo hapa mezani, mkanda wake bado una chumvi ya Chalbi kwenye mishono. Safari yangu ya kaskazini ijayo ni mwezi wa nane, yule kijana wa Kalacha nimeshampigia, nimemwambia nafasi yake ya mbele iko pale pale na safari hii kuna kifaa cha pili, cha kwake.